Sura ya Nne: Ukuta wa Theluji

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1953, ukuta ulifariki dunia mjini Singida. Haukuanguka. Ulikutwa umesimama wima, kama mzee wa kanisa aliyesinzia katikati ya sala, lakini rangi yake yote ya chini ilikuwa imetoweka. Sajini Idrissa Mughwai aliitwa kutoka kituoni. Akaja kwa miguu, akautazama ukuta, ukuta nao ukamtazama, na hakuna kati yao aliyeonyesha huzuni.

Watu walikuwa wakisema sajini hana moyo. Huo ulikuwa uongo. Alichokuwa hana ni ulimi. Nyama ya ulimi alikuwa nayo, na aliitumia kusemea, ila kule Burma, mwaka wa mwisho wa vita, homa ilimlaza wiki tatu, na alipoamka alikuta ulimi na pua vimekufa ganzi. Kwa miaka minane sasa, chai na maji ya kunawia vilikuwa kwake kitu kimoja. Hakumwambia mtu. Polisi asiyeweza kunusa pombe ya moshi ni shoka lisilo na mpini, na Idrissa hakuwa na kazi nyingine. Wapika pombe aliwakamata kwa kuwatazama machoni tu, na hakukosea mara nyingi.

Ukuta huo marehemu ulikuwa ndani ya Maonyesho ya Nyumba Bora, yaliyowekwa na Serikali kwenye uwanja wa mbele ya boma ili watu wa Singida wajionee jinsi nyumba ya kisasa inavyopambwa. Kila fundi alijenga chumba cha mfano chenye kuta tatu, bila paa wala upande wa mbele, ili watu wapite wakishangaa. Saa kumi jioni Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, angepita kuchagua chumba kimoja, na fundi wake angepewa kazi ya kukandika na kupaka zahanati mpya ya Ulemo.

"Mhalifu nimeshakukamatia, afande," alisema Fundi Bonifasi Mazengo. "Wewe umebakiwa na kuandika tu."

Bonifasi alikuwa mwenyeji wa Kilimatinde, mtu wa suti ya rangi ya majivu na nywele zilizogawanywa kwa mstari mmoja ulionyooka kuliko barabara ya Manyoni. Chumba kilichoharibiwa kilikuwa chake. Kwa siku tatu kilikuwa gumzo la mji. Kilikuwa na kitanda cha chuma chenye vifundo vinavyong'aa, karabai ya kuning'iniza, kalenda tatu ukutani ingawa mwaka ulikuwa mmoja, na mezani chupa yenye maua ya karatasi. Lakini watu walifuata kuta. Zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Bonifasi aliwaambia kuwa hiyo ni Rangi ya Theluji, imetoka Ulaya ndani ya makopo. Kwa kuwa hapakuwa na mtu Singida aliyewahi kuona theluji, hapakuwa na wa kubisha.

Sasa ukuta wa nyuma, kuanzia usawa wa goti hadi kiunoni, ulikuwa umebaki udongo mtupu.

"Nani?" aliuliza sajini.

"Huyo hapo."

Huyo hapo alikuwa Raheli binti Naftali, mjane kutoka Ulemo, ameketishwa chini kando ya chumba chake mwenyewe, askari mmoja amesimama juu yake. Chumba chake kilipakana na cha Bonifasi. Hakikuwa na kitanda wala kalenda. Kuta zake alizikandika udongo uliochanganywa na utelezi wa mlenda ili ushike, kisha akazipamba kwa jivu, udongo mwekundu na udongo mweupe wa kwao Ulemo, maua na mistari iliyogongwa kwa gunzi la mahindi. Wazee walipita wakasema ni kama nyumba ya bibi zao. Kwenye maonyesho ya vitu vya kisasa, hayo hayakuwa matusi, lakini hayakuwa sifa pia.

"Watu wote walikwenda ibadani saa tatu," Bonifasi alieleza. "Mimi mwenyewe nilisoma somo la kwanza, kanisa zima ni shahidi. Huyu peke yake alibaki. Tumerudi saa sita, ukuta umekwanguliwa. Na nyuma ya ukuta nimeokota hili."

Akamkabidhi sajini gunzi. Lilikuwa na weupe mwilini.

"Ni lako?" sajini alimuuliza Raheli.

"Ni langu, afande. Gunzi ndiyo kalamu yangu. Nikishapiga maua naitupa. Angalia huko nyuma, utaokota na mengine."

"Mbona hukwenda ibadani?"

"Gauni langu la kanisa limeingia tope. Nikasema nipike nile, nisubiri saa kumi."

"Muulize vidole!" alisema Bonifasi.

Sajini alimwomba anyooshe mikono. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na unga mweupe hadi kwenye kiungo cha kwanza.

"Ni chumvi," Raheli alisema. "Mlenda uko mekoni. Nilikuwa nimetia vidole kwenye kopo la chumvi walipokuja kunivuta. Nionje, afande. Onja tu, uniachie niende."

Jambo lilikuwa rahisi kiasi hicho. Mtu mwingine yeyote mwenye ulimi angelimaliza pale pale. Sajini alivitazama vile vidole kwa muda, kisha akafungua daftari lake.

"Polisi haonji ushahidi," alisema.

"Na asionje kabisa!" Bonifasi aliingilia. "Rangi ya Ulaya ina sumu. Tone moja tu linaua ng'ombe."

Sajini aliandika: *Sumu. Tone moja. Ng'ombe.* Alikuwa akiandika kila kitu, hata kama hakikuwa na maana, kwa sababu alijua maana ina tabia ya kuchelewa.

Bwana Shauri alikuja akiwa na kofia na haraka. Alieleza kwamba ukuta ule ulikuwa kwenye maonyesho ya Serikali, na kwa hiyo aliyeuharibu ameharibu mali ya Serikali. Kosa hilo lilikuwa na kifungo cha miezi mitatu.

"Saa kumi nataka jibu, Sajini. Saa kumi na moja lori la gereza linaondoka. Hakuna jibu, huyu mwanamke anapanda."

"Nina watoto wawili Ulemo," Raheli alisema, bila kumwambia mtu maalumu.

Ilikuwa saa saba na nusu.

Sajini alianza na kilicholala chini. Alipiga magoti ndani ya chumba cha Bonifasi, akatazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi. Akapitisha kiganja chini ya ukuta, kikatoka na vumbi jekundu tu. Kisha akasogeza uso karibu na jeraha lenyewe. Kingo zake hazikuwa na mikwaruzo. Zilikuwa laini, zimepindapinda, kama donge la sukari lililowekwa mdomoni likatolewa. Katikati ya udongo ulionata alikuta unywele mmoja, mfupi, mgumu, wa kahawia. Akauweka ndani ya daftari.

"Fundi," aliita, "mtu akikwangua rangi kwa gunzi, rangi inakwenda wapi?"

"Inaanguka chini."

"Na hii ilikwenda wapi?"

Bonifasi aliangalia sakafu. "Ameifagia."

"Mhalifu wako ni msafi."

"Ni mwanamke, afande."

Sajini aliandika: *Mwanamke.* Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akavuka njia.

Upande wa pili palikuwa na kibanda cha Mama Stumai, mfumaji wa vitambaa, mwanamke mnene aliyemiliki nusu ya habari za mji. Hapo sajini alikutana na mtindo mpya wa nyumba uso kwa uso. Kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni na viwili mikononi. Meza ilikuwa na kitambaa, na juu yake sinia lenye kitambaa, na juu ya sinia birika lenye kitambaa. Redio nayo ilikuwa imefunikwa kwa heshima zote za maiti, na ilipofunuliwa ilionekana kuwa haina betri. Hata mtungi wa maji ulivaa kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, lakini usikalie kitambaa."

Sajini alitafuta mahali pasipo na kitambaa. Akabaki amesimama. Mama Stumai akammiminia chai.

"Sukari imetosha?"

"Imetosha, mama."

Kwa miaka minane alikuwa amejifunza kuwa swali hilo lina jibu moja.

"Wewe hukwenda ibadani."

"Mimi Mwislamu kama wewe, naenda kufanya nini? Nilikuwa hapa hapa nafuma. Lakini nilikuwa nimewapa mgongo, nafuata mwanga."

"Hukusikia mtu akikwangua?"

"Kukwangua sikusikia." Alishusha sauti, akashusha na kitambaa. "Nilisikia mabusu."

Sajini aliacha kuandika.

"Mabusu, baba. Ndani ya chumba cha Fundi. *Chwa, chwa, chwa,* muda mrefu, bila aibu. Nikasema, ama kweli, Jumapili asubuhi, watu wako kanisani! Mimi nina umri wa kugeuza uso. Nikageuza."

"Ulikuwa umeshageuka."

"Nikageuka zaidi."

Ushahidi huu ulikuwa mzito, na kwa dakika ishirini sajini aliufuata kama mtu anayefuata kondoo aliyepotea. Kama kulikuwa na wapenzi ndani ya chumba, yawezekana waliegemea ukuta, na ukuta ukabanduka. Akamrudia Bonifasi, akamuuliza kama ana mchumba mjini. Bonifasi akaapa hana. Akachunguza mgongo wa suti yake, haukuwa na weupe. Akamuuliza Raheli kama alimwona mwanamume au mwanamke akiingia pale.

"Sikuona mtu, afande."

"Ulisikia mabusu?"

Raheli alimtazama kana kwamba miezi mitatu imeanza tayari. "Mimi niko chini ya ulinzi, wewe unauliza mabusu?"

Njia ile iliishia hapo. Sajini aliifunga kwa mstari mmoja daftarini na hakuijutia. Ilikuwa imekaribia saa tisa. Alirudi ndani ya chumba cha Bonifasi, akakaa juu ya kitanda cha chuma, jambo lililokatazwa na kibao, akayatazama maua ya karatasi. Yalikuwa mekundu, hayakuguswa hata moja. Akayatazama muda mrefu. Kisha akauliza nani mlinzi wa uwanja.

Mlinzi alikuwa Mzee Simeoni. Alikutwa amekaa kwenye kivuli cha choo cha boma, fagio mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Mimi sikuona kitu. Nimeshamwambia Fundi, nimeshamwambia askari, nimeshamwambia Bwana Shauri."

"Ulilala?"

"Nilifumba macho nikiwa macho."

"Ulipofumbua ulifanya nini?"

"Nilifagia. Ndiyo kazi."

"Chumba cha Fundi ulifagia?"

"Nilifagia."

"Ulifagia nini?"

"Taka."

"Taka gani, mzee?"

Simeoni alilitafakari fagio. "Vumbi. Maganda ya karanga. Na mavi ya mbuzi."

Sajini alikaa chini kando yake. Hakuandika.

"Mbuzi wa nani?"

"Wa karamu ya Bwana Shauri usiku huu, kwa wageni wake. Wako watatu, nimewafunga nyuma pale. Yule beberu wa kahawia alikata kamba. Nilimkuta kwa Fundi, nikamrudisha, yakaisha."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza mbuzi," alijibu Simeoni. "Wote wameniuliza Raheli."

Wote wawili walikuwa Wanyaturu, wote walikuwa wamechunga mbuzi utotoni kandokando ya Ziwa Kindai, na hawakuwa na haja ya kuelezana. Mbuzi wa Singida ukimfungulia hakimbilii majani. Anakimbilia ule udongo mweupe wa ufukweni, wenye chumvi, anaulamba mpaka umvute kwa kamba. Ndiyo maana hakuna mama wa hapa, hata awe mvivu namna gani, anayechota udongo ule kupakia nyumba. Ukiupaka, asubuhi utakuta ng'ombe wa jirani wanakunywa chai ukutani kwako.

Lakini mtu wa Kilimatinde angejuaje?

"Mzee," alisema sajini, "yule beberu ni mzima?"

"Anacheua. Mzima kuliko mimi."

"Tone moja linaua ng'ombe," alisema sajini, akaondoka.

Saa kumi kamili Bwana Shauri alisimama mbele ya vyumba na karatasi yake ya kuandikia. Nusu ya mji ilikuwa nyuma yake. Raheli alikuwa amesimamishwa, kwa kuwa lori lilikuwa limeshawashwa moto ili liamke mapema.

"Jibu, Sajini."

"Naomba kumleta shahidi, bwana."

Simeoni alitokea na beberu wa kahawia.

"Huyo ni chakula yangu ya usiku," alisema Bwana Shauri.

"Kwa sasa ni shahidi, bwana. Chakula baadaye."

Alimwambia Simeoni aachie kamba. Beberu alitazama umati kwa dharau. Alielekea kwanza kwa Mama Stumai, ambaye alilala kifudifudi juu ya redio yake kuilinda. Akabadili nia. Akaingia kwa Raheli, akanusa maua ya ukutani, moja moja, kwa uangalifu kuliko Bwana Shauri mwenyewe. Akapiga chafya. Akatoka. Akaingia kwa Bonifasi.

"Mtoeni!" alisema Bonifasi. "Atakufa! Ni sumu!"

Hakuna aliyesogea. Beberu aliyapita maua ya karatasi, yeye ambaye angekula hata barua ya Gavana. Akafika ukutani. Chini palikuwa pameisha. Basi akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka kwato mbili ukutani, akanyoosha shingo kwenye weupe uliobaki, akaanza.

*Chwa, chwa, chwa.*

"Hilo!" Mama Stumai alipiga kelele kutoka juu ya redio. "Busu lenyewe ndilo hilo! Wallahi ndilo!"

Umati ulicheka mpaka baadhi ya watu wakakaa chini. Sajini hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akamgeukia Bonifasi.

"Mbuzi halambi rangi. Analamba chumvi. Fungua kopo lililobaki."

"Limefungwa kiwandani."

"Lifungue."

Bonifasi alilifungua kwa ncha ya ufunguo. Mikono yake ilitulia kabisa, kama mikono ya mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa anaruhusiwa kukiweka chini. Ndani mlikuwa na udongo mweupe, majimaji, na juu yake ulielea unyoya mdogo wa waridi. Sajini aliuinua kwa vidole viwili, akaonyesha.

"Heroe," walisema watoto, kwa pamoja. Ndege hao wako ziwani kwa mamia.

Bwana Shauri alikiri kwamba huko kwao hajawahi kuona heroe kwenye kopo la rangi.

"Rangi ya kweli ilichelewa," alisema Bonifasi. "Iko Dodoma, kwenye treni. Nilikuwa nimeshawaambia watu kuhusu theluji. Ningefanyaje? Udongo ule ni mweupe, afande. Ni mweupe kuliko wa kwetu. Sikujua kama unaliwa."

"Na gunzi?"

"Gunzi niliokota kweli. Nilidhani ni yeye. Naapa. Mwanzoni nilidhani ni yeye."

"Halafu?"

"Halafu nikagusa ukuta, umelowa mate. Lakini watu walikuwa wameshaanza kumshika."

Sajini aliandika maneno hayo yote, neno kwa neno. Bwana Shauri alimwambia askari amwachie yule mwanamke na amchukue huyu. Kisha, kwa kuwa ratiba ni ratiba, akaendelea na uamuzi wake. Vyumba vilikuwa vinane. Alifuta kimoja. Alisimama mbele ya kuta za Raheli, akanusa kama alivyonusa mbuzi, akaandika kwamba ndizo kuta pekee zilizothibitishwa na shahidi kuwa haziliki, na kwamba zahanati ya Ulemo ni yake. Watu wakapiga makofi. Raheli hakupiga wala hakushukuru. Alikwenda moja kwa moja mekoni kwake nyuma ya chumba, akachochea kuni.

"Kaa ule, afande," Raheli alimwambia sajini alipopita kuchukua saini yake. "Umeshinda na njaa kwa sababu yangu."

Sajini alikaa. Alipewa ugali wa uwele na mlenda. Alinawa, akala kwa utaratibu, tonge baada ya tonge, mpaka bakuli likabaki jeupe.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea."

Raheli alichovya kidole kwenye chungu, akaonja. Akasimama hivyo, kidole mdomoni. Kisha akavitazama vile vidole vitatu vya mkono wa kulia, ambavyo bado vilikuwa na chumvi ya tangu mchana, ile ambayo haikuwahi kufika chunguni. Akamtazama sajini, ambaye alikuwa akinawa mikono kwa umakini mkubwa.

Askari alikuwa mbali. Hata hivyo Raheli alinong'ona.

"Tangu lini?"

Maji yalichuruzika mpaka yakaisha.

"Tangu Burma."

"Nani anajua?"

"Wewe."

Raheli aliinua kopo lake la chumvi. Alitia kidogo chunguni, akakoroga, akateka bakuli jingine, akamwekea mbele.

"Kwangu haitakuwa na tofauti," alisema sajini.

"Najua. Lakini mtu hatoki mekoni kwangu amekula mlenda wa chukuchuku. Kula."

Sajini alimega tonge, akachovya. Nyuma ya boma shahidi wa Serikali alilia mara moja, kisha akanyamaza. Sajini alitafuna, akameza.

"Sasa imekolea," alisema.